Jagi Lililonipita Mwaloni

Kabla hamjanipa shikamoo, niwaambie: mimi si bibi. Nimestaafu kazi ya dhahabu nikiwa na meno yangu yote, na mtoto wangu yuko darasa la sita. Machimboni hakuna anayestaafu kwa umri, watu wanastaafu kwa mgongo. Wangu ulisema basi, kifua kikaunga mkono hoja, nikabeba karai langu nikarudi kijijini kwetu Gorong'a. Sasa nalima mahindi na kufuga mbuzi wasio na adabu.

Naandika kwa sababu nilinyang'anywa kipaza sauti. Shuleni kwa mwanangu waliita wazazi na wanafunzi, tukapangwa juani kusikiliza somo la uonevu. Bwana mmoja mwenye viatu vya ncha alisimama akasoma: kuna uonevu wa kimwili, wa maneno, wa kihisia na wa mtandaoni. Akageuza karatasi, akasoma tena yaleyale. Watoto walisinzia. Mbuzi wa jirani akakatiza katikati ya mkutano, naye ndiye aliyepigiwa makofi. Halafu mwalimu akaniomba na mimi niseme kidogo, "kama mama aliyepitia maisha". Nikasema kidogo. Nilipofika kwenye lile neno mnalowaita wenzenu kisimani, mwalimu akakohoa, akasema muda umekwisha. Mimi niliona ndiyo kwanza umefika.

Neno lenyewe ni msagane. Ninyi mnalijua. Kwa mgeni anayesoma, kwetu Wakurya ndivyo anavyoitwa msichana ambaye hajakeketwa, na wenzake wakilitamka wanalitema kama mate. Binti yangu Bhoke aliitwa hivyo kisimani, akaitwa darasani, akaitwa hadi mlangoni mwa choo, mpaka asubuhi moja nikamkuta amekaa kitandani na sare mkononi, hajaivaa.

"Mama," akasema, "Desemba nipeleke na mimi. Yaishe."

Desemba ndiyo msimu wa ngariba. Mimi nilipelekwa nikiwa na umri kama wake, na hakuna aliyenishika mkono kwa nguvu. Nilikwenda mwenyewe kwa sababu nilichoka kusemwa. Kwa hiyo mkiniona naandika kwa hasira, mjue hasira hii imezaliwa kabla yenu, mnapaswa kuiamkia.

Haya. Twendeni mwaloni, maana digrii yangu ya uonevu niliisomea huko.

Miaka ile ya rashi, dhahabu ilipotoka upande wa Nyamwaga, watu walimwagika kama mchwa baada ya mvua. Walikuja Wasukuma, Waha, Wajaluo, watu wa Singida, na wale wafanyabiashara Waislamu wa Tarime mjini walihamisha maduka yao mpaka kando ya mashimo, wakauza koleo, makarai na kanga. Wanaume walishuka duarani, ndilo shimo lenyewe, kutoa mawe. Sisi wanawake tulikaa juu tukiyaponda kwa nyundo mpaka yawe madogo ya kuingia karasha, ile mashine ya kusaga. Unga wake tulikwenda kuuosha mwaloni, kwenye madimbwi na mbao zilizotandikwa magunia ili dhahabu inase. Mimi nilifika na cheti cha kidato cha nne na Bhoke mgongoni. Baba yake alikuwa ameifuata rashi nyingine, na kutoka hapo nyingine, mpaka leo nadhani anaifuata. Cheti nacho hakikuponda hata jiwe moja.

Siku ya kwanza niliponda kidole gumba. Wanawake wakacheka mpaka nyundo zikasimama. Jioni wakanimwagia ndoo ya tope kichwani, nikiwa nimeshamweka mtoto pembeni, wakasema nimebatizwa. Kisha wakanipa ugali. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo bwana wa viatu vya ncha alipochanganya mambo: huo haukuwa uonevu. Kila aliyefika alimwagiwa, alimwagiwa mara moja, na baada ya tope kulikuwa na chakula. Ukibatizwa kila siku, na chakula hakiji, jua hao hawakukaribishi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mama Shija, Msukuma, mwanamke mwenye mikono kama ya seremala na sauti kama ya kondakta. Alikata mpira wa ndani wa tairi, akaufanya pete yenye mkia wa kushikia. Jiwe unaliweka ndani ya pete, unashika mkia, unapiga. Vipande haviruki machoni, na kidole kinabaki kwako. Hiyo ndiyo hekima yangu ya kwanza na ninawapa bure.

Ya pili ilichukua muda kuingia. Kulikuwa na jiwe jeusi, gumu, nililipiga asubuhi nzima. Mama Shija alikuwa ananitazama huku anatafuna muhogo.

"Wewe mwenye cheti, jiwe limekukosea nini?"

"Halivunjiki, mama."

"Unalipiga katikati. Katikati ndiko linakojidai." Akalimwagia maji, akaligeuza polepole. Maji yalipokuwa yanakauka ukabaki mstari mwembamba wenye unyevu. "Huu ni mshipa. Kila jiwe lina mshipa. Piga hapa, wala usitumie nguvu ya kukufanya utoe kinyesi."

Nikapiga. Likafunguka kama chapati. Kumbukeni huo mshipa, nitaurudia.

Mama Shija mwenyewe alikuwa na wajukuu, na bado wasichana wadogo wa pale, wenye kamasi puani, walimwita msagane, kwa sababu kwao Shinyanga mambo hayo hawana. Alikuwa anawajibu, "Ndiyo, wajukuu zangu, na nimezaa saba, wote wako hai, nendeni mkahesabu wa bibi yenu." Walikimbia. Lakini niliwahi kumwona akiwa ameinama peke yake baada ya kuwajibu hivyo, anaosha karai ambalo lilikuwa safi tayari. Msidhani anayejibu vizuri hakuumia.

Kulikuwa na kijana wa karasha, Marwa, aliyejipa kazi ya kuniita "mke wangu". Nikipita na mzigo wa mawe kichwani ananirushia vijiwe. Siku moja nikiwa nimeinama, mkono wake ukapita mahali ambapo mkono haupiti. Watu wakacheka. Nikaambiwa ni utani tu, nisiwe na roho ngumu.

Mama Shija akaweka nyundo chini, akamwita mzee aliyekuwa analinda mawe ya duara. "Mzee Chacha, shikamoo. Njoo, tuna posa hapa."

"Marahaba. Posa ya nani?"

"Ya huyu. Amemwita binti yetu mke mbele ya watu, na mkono umeshatangulia. Sisi ukweni tunataka ng'ombe."

Marwa akasema, "Mama, mimi nilikuwa natania."

"Mura, kijana, subiri, wazee wanaongea. Mzee Chacha, kwenu binti mwenye kidato cha nne anaenda kwa ng'ombe wangapi?"

Mzee Chacha akalichukulia suala kwa uzito wote, akamtazama Bhoke mgongoni kwangu. "Na ameshaonyesha kwamba anazaa. Hapo wanaongezeka." Akamgeukia Marwa. "Zizi la baba yako lina nini, mura?"

"Halina kitu," mtu akajibu kutoka nyuma. "Hata kuku wao ni wa kuazima."

Kicheko kilihamia kwa Marwa, akarudi kwenye karasha yake ameinamisha kichwa. Ningependa kuwaambia hadithi iliishia hapo, maana ni tamu. Haikuishia hapo. Baada ya wiki alinivizia pasipo na watu, na safari hii hakuwa anacheka. Nilipiga kelele, nikaponyoka. Mama Shija hakufanya mzaha tena. Alichukua wanawake, tukaenda kwa mwenye duara, tukasema kila kitu kwa majina yake, tukasema hatupondi jiwe mpaka huyu aondoke. Akaondoka. Kwa hiyo, wasichana, na wavulana pia maana nanyi mnashikwa na hamsemi: maneno unaweza kuyajibu kwa maneno. Mkono usiujibu kwa kichekesho. Mkono unapelekwa kwa mtu mwenye uwezo wa kuufukuza, siku hiyohiyo, na ukiwa na watu nyuma yako.

Sasa jagi.

Mchana tulikula pamoja, sinia moja la ugali wa muhogo na mtama, dagaa katikati, tumezunguka kama kuku. Kabla ya kula jagi la maji lilizunguka. Aliye kulia anamnawisha wa kushoto, anampa jagi, naye anamnawisha anayefuata. Hakuna aliyewahi kuandika sheria hiyo. Usiponawishwa, huli, kwa sababu nani atakubali mkono wenye tope na zebaki, ile dawa ya kunasia dhahabu, uingie kwenye ugali?

Kiongozi wetu wa sinia alikuwa Wankyo, mtu wa kijijini kwetu kabisa, mrembo, mwepesi wa kuosha na mwepesi zaidi wa ulimi. Basi ikatokea siku mbili tatu dhahabu ikawa haionekani. Unga ni uleule wa duara lilelile, tunaosha, mwisho wa karai hakuna ule mkia wa njano. Machimboni dhahabu isipoonekana inasemwa imekimbia, na ikikimbia lazima kuna mtu aliyeikimbiza. Wankyo hakunitaja. Watu wa namna hiyo hawataji. Alisema tu, akiwa anajipaka mafuta mikononi, "Kuna watu wanakuja kuosha na watoto wasio na baba, halafu tunashangaa mkosi."

Mchana huo jagi likazunguka. Dada mmoja wa Natta aliyekaa kulia kwangu akalipokea, akanitazama, akatazama chini, akanyoosha mkono juu ya mapaja yangu na kumnawisha mwanamke wa upande wa pili. Jagi lilinipita hivyo, tone moja likaniangukia gotini. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenigusa. Mngemuuliza yule bwana wa karatasi, angetafuta ni aina ya ngapi. Mimi nawaambia nilishapigwa na mwalimu, na baba, na mawe, sijapigwa na kitu kizito kama lile jagi la plastiki.

Lilinipita siku ya pili. Siku ya tatu sikusogea kwenye sinia. Huo ndio ubaya wake: unafika mahali unawasaidia kazi.

Mama Shija alikuwa ameugua homa, aliporudi akanikuta nakula muhogo mbichi nyuma ya karasha. Nikamweleza. Hakusema pole. Aliuliza, "Wankyo anapaka nini mikononi?"

"Mafuta ya mgando. Yale yenye harufu ya maua."

"Na anaosha kwa karai gani?"

"Letu sote, kubwa."

Akalala chini akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanichukua mwaloni. Wenzetu wote walikuwepo. Akachota unga, akauosha kwenye karai lake dogo alilolisugua na majivu, na mwishoni, akilitikisa taratibu, mkia wa njano ukatokea kwenye ukingo. Akachota unga uleule akauosha kwenye karai kubwa. Juu ya maji kukawa na utando unaong'aa, na ukitazama vizuri uliona vumbi la njano linaelea pamoja nao, linamwagika na maji machafu. Dhahabu laini haipendi mafuta. Ikiyagusa inaelea kama povu, inakwenda zake. Wankyo alikuwa ametumwagia dhahabu kwa siku zote hizo kwa mikono yake laini.

Hapa ninyi mnasubiri aone aibu aniombe msamaha. Na mimi nilisubiri. Alinusa mikono yake, akasema, "Basi yatakuwa mafuta feki," na watu wakaanza kuongelea mafuta feki. Mchana jagi likanipita tena. Ndipo nilipojua kwamba uvumi hauuawi na ushahidi. Walikuwa wameshazoea sinia lisilo na mimi, na kila mmoja alikuwa amepata nafasi kubwa kidogo ya kukunja magoti.

Mama Shija akaniambia, "Unataka kumpiga Wankyo."

"Ndiyo."

"Katikati tena. Nani alitazama chini?"

Nikamkumbuka dada wa Natta. Mama Shija akapika michembe, vile viazi vikavu vya kwao, na karanga. Akatandika kanga mbali kidogo na sinia kubwa, akanikalisha, akachukua jagi lake mwenyewe. Kisha akamwita yule dada kwa jina lake, si kwa ukali, kama mtu anayeita mgeni wa siku zote: "Njoo unawe, chakula kinapoa." Yule dada akasimama katikati kama mbuzi kwenye barabara. Alikuwa amenipita na jagi mara nyingi kuliko yeyote, na nadhani ndiye aliyekuwa amechoka kuliko yeyote. Akaja. Baada yake akaja mwingine, kwa sababu ya karanga, siwezi kusema uongo. Wiki ilipokwisha sinia kubwa lilikuwa limebaki na Wankyo na rafiki yake ambaye hakupenda viazi. Mama Shija akampelekea Wankyo jagi mwenyewe. Mimi ningemmwagia.

Rashi ilipohamia kwingine Mama Shija aliihamia, na mimi nilibaki nikiosha marudio, yale makapi ya wengine, miaka mingi mpaka mgongo uliposema. Wankyo naye alirudi kijijini, akazaa binti, akamwita Mugesi. Mugesi yuko darasa moja na Bhoke. Mrembo, mwepesi, na ulimi ameurithi wote, mama yake hakubakiza.

Sasa mnajua nani alikuwa kisimani.

Ilianza kwa kidogo. Mugesi akasema wasagane wachote maji mwisho, wasitie gundu kisima. Halafu ndoo ya Bhoke ikawa inasogezwa nyuma. Halafu Ghati, rafiki wa Bhoke tangu wakiwa hawajui kufunga kamba, akaanza kupita njia nyingine kwenda shule. Halafu dada mkubwa wa mtu akampiga Bhoke picha akiwa amesimama peke yake na ndoo tupu, ikawekwa kwenye simu na maneno ambayo siyarudii. Ninyi mnaocheka picha za namna hiyo mnadhani hamjafanya kitu kwa sababu mmebonyeza tu. Na wewe uliyepigwa picha, usiifute kwa hasira. Ihifadhi, mwonyeshe mtu mzima, maana kesho watasema haikuwepo. Mimi hiyo picha ninayo.

Asubuhi ile Bhoke aliponiambia nimpeleke Desemba, nilikuwa nimeingia ndani mara moja kutoka kutengeneza banda la mbuzi. Niliposikia, niliondoka moja kwa moja mpaka kwa Wankyo. Sikumbuki njia. Nilimkuta anaanika mtama, mama mkwe wake amekaa kivulini.

"Mama Bhoke, karibu. Mbona mapema?"

"Mwanao anamwita mwanangu msagane."

"Watoto hao, wanataniana."

"Utani una watani, Wankyo. Mtani akinitukana msibani kwangu, ndiye pia anayechimba kaburi na kuosha masufuria. Mugesi amewahi kuchimba kaburi gani kwangu?"

Akanitazama mkono. "Kwa hiyo umekuja na nyundo tuchimbe leo?"

Nikatazama. Nilikuwa nimeshika nyundo. Mama mkwe akaanza kucheka bila meno, kisha Wankyo, kisha jirani juu ya ua. Hasira yangu yote ikabaki imesimama pale kama mtu aliyevaa shati kinyume.

"Na wewe mwenyewe si ulipita huko?" Wankyo akasema, akiwa bado anafuta machozi ya kicheko. "Ulikufa?"

"Sikufa. Kamuulize mkunga aliyenizalisha Bhoke ilibaki kiasi gani nife."

Hapo hakucheka. Akarudi kwenye mtama wake.

Kesho yake shuleni Bhoke alikuwa na jina la pili: Mtoto wa Nyundo. Akarudi, akavua sare, akaikunja vizuri mno, kama nguo ya kumpa mtu mwingine. Nilipiga jiwe katikati, wadogo zangu. Pamoja na digrii yangu yote.

Usiku huo sikumhubiria. Nilimwambia mambo mawili tu. La kwanza, Desemba hutakwenda, na hilo si lako kuamua wala la bibi zako, ni langu, wewe nichukie. Na wakija kwa nguvu, Mugumu kuna nyumba ya kuwapokea wasichana na polisi kuna dawati la mambo haya, nauli ninayo. La pili nikamuuliza: "Wakikuita hilo neno, nani anatazama chini?"

Akafikiri. "Ghati."

Nikasubiri. Ghati alikuja mwenyewe baada ya siku chache, mama yake amemtuma aazime chekeche. Akasimama mlangoni kama anayeogopa kuwa sakafu ina moto. Tulikuwa tumeketi kula. Nikamwambia chekeche liko ndani, kwanza ale.

"Nimeshiba, mama."

"Hujashiba, nasikia tumbo lako mpaka hapa."

Bhoke hakumtazama. Mimi nikachukua jagi. Nikamnawisha Bhoke, kisha nikalishika hewani. "Ghati. Unanawa au hunawi?"

Akasema polepole, "Nikila na yeye, na mimi watanisema."

"Watakusema. Sikudanganyi. Lakini wakiwasema wawili, kila mmoja anabeba nusu."

Akaanza kulia, na kilichotoka hapo sikukitarajia. Alisema yeye mwenyewe hajakeketwa, ameambiwa ni Desemba hii, na hataki. Alikuwa anasimama upande wa Mugesi ili asionekane. Hivyo ndivyo ilivyo, na ndicho nilichotaka kusema mwalimu alipokohoa: kwenye lile kundi linalowacheka, nusu yao wamejificha humo. Wanacheka kwa sauti ili wasisikike wakiogopa.

Bhoke akamtazama. Alikuwa na haki ya kumwacha asimame pale mpaka magoti yaishe. Akanyoosha mkono kwangu, akachukua jagi, akamnawisha.

Mama yake Ghati nilimwendea kesho yake, bila nyundo, na chekeche mkononi. Hayo ni ya wakubwa, tulizungumza siku nyingi na tulifokeana, mwisho akasema mwanawe hatapelekwa, na baba yake atanuna mpaka aote ndevu nyingine. Wasichana wale wawili wakaanza kwenda kisimani pamoja. Waliitwa msagane kwa wingi, wasagane, wakachota maji wakarudi. Siku moja Bhoke akaniambia, akiwa anajitazama miguu, "Mama, sare hii imekuwa fupi. Ya mwakani ninunulie ndefu." Kwetu msichana aliyepelekwa Desemba mara nyingi Januari hana haja ya sare, ana mchumba. Nikaenda nyuma ya banda la mbuzi nikakaa huko kidogo.

Halafu, kabla msimu haujafika, alasiri moja tukiwa tumeketi kula watatu, Mugesi akatokea getini. Peke yake. Sikuwahi kumwona peke yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kuuliza kama mbuzi wetu amepita huku."

Wankyo hana mbuzi. Hajawahi kuwa na mbuzi. Mbuzi wangu wawili walinyanyua vichwa kumtazama, hata wao hawakuamini. Mugesi akabaki ameshika mti wa geti, macho kwenye sinia. Kisha akamuuliza Bhoke, si mimi, kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo:

"Mkikataa kwenda Desemba, wanawafanya nini?"

Bhoke akatafuna, akameza. "Wanatusema."

"Halafu?"

"Halafu tunakula."

Mugesi akatazama chini.

Mshipa ule niliuona waziwazi, na nawaambia ukweli, nilitamani kuupiga kwa nguvu zangu zote. Nilikumbuka tone la maji gotini kwangu. Nilikumbuka sare iliyokunjwa. Nilitaka yule mtoto arudi kwao na njaa yake, aende akamtafute huyo mbuzi mpaka Kenya. Nilitafuta jagi ili niliweke nyuma yangu.

Halikuwepo. Bhoke alikuwa ameshasimama nalo, anaelekea getini.

"Unanawa au hunawi?"

Mugesi akatoa mikono.